Mtoto wa paka anapoharisha: Huruma bila elimu haitoshi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyetumwa kuwa rehema kwa viumbe, pamoja na aali zake, Maswahaba wake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu katika Imani, wapo watakaosoma kichwa cha makala hii wakacheka. Watasema, Umma una matatizo chungu nzima, vijana hawana kazi, kodi za nyumba zimepanda, na huyu anatuletea habari za tumbo la paka! Naomba msomaji awe na subira. Dini yetu haikuacha jambo kwa sababu tu ni dogo machoni mwa watu. Katika Suratul Zilzalah Allah (s.w.) ametufahamisha kuwa hata wema wa uzito wa chembe utaonwa na aliyeutenda, na uovu wa uzito wa chembe vile vile. Basi paka ni mkubwa kuliko chembe.

Hali tunayoizungumzia inajulikana katika mitaa yetu yote, iwe Magomeni, Ilala, Tanga, Ng'ambo ya Unguja au Majengo ya Mombasa. Mtoto anarudi kutoka madrasa amebeba paka mdogo aliyemuokota karibu na mtaro. Nyumba nzima inamhurumia. Mama anamimina maziwa ya ng'ombe kwenye kisosi, mnyama anayanywa yote kwa njaa aliyokuwa nayo, na watu wanafurahi. Usiku tumbo linaanza kuchafuka. Asubuhi uchafu uko sebuleni, uko jikoni, na pengine uko juu ya mswala. Furaha ya jana inageuka hasira. Anatafutwa kijana, anapewa boksi, anaambiwa: "Kamtupe huyo sokoni, atajua mwenyewe."

Hapo ndipo penye suala letu. Je, yule aliyemchukua kiumbe wa Allah, akamlisha kitu kilichomdhuru, kisha akamtupa kwa sababu ya madhara hayo hayo, anadhani hatoulizwa?

Mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka

Hadithi hii tunaisikia mara kwa mara mimbarini, lakini ni wachache wanaoizingatia. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), na vile vile kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), kuwa Mtume (s.a.w.) ameeleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Hakumpa chakula, wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe wadudu na vijidudu vya ardhini.

Tuitazame vizuri Hadithi hii. Huyu mwanamke hakuambiwa kuwa ameingia Motoni kwa kuwa alishindwa kumfuga paka. Kosa lake liko katika mambo mawili yaliyokutana. La kwanza, alimwondolea paka uwezo wa kujitafutia riziki. La pili, hakumtimizia kile alichomzuia kukipata. Kwa hiyo, kila anayemfungia mnyama ndani ya nyumba yake amejitwika jukumu. Alipokuwa nje alikuwa katika dhamana ya Mola wake moja kwa moja, kwani katika Suratu Hud Allah (s.w.) ametujulisha kuwa hakuna mnyama yeyote katika ardhi ila riziki yake iko juu Yake. Ukishafunga mlango, wewe umekuwa njia ya riziki hiyo. Ukiiziba njia, jiandae kwa masuala.

Wapo watakaosema: "Lakini mimi sikumfungia, nilimtoa nje, kwa hiyo niko salama." Ndugu yangu, tafakari. Yule wa kwenye Hadithi angeachiwa angeweza kujitafutia. Paka mwenye umri wa wiki tano, anayeharisha, asiye na nguvu ya kusimama, ukimtupa sokoni penye mbwa, magari na jua kali, atajitafutia nini? Kumwachia asiyejiweza si kumpa uhuru. Ni kumuua kwa mkono wa mbali.

Wanavyuoni walilisema hili mapema

Wako wanaodhani kuwa kuhurumia wanyama ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa na televisheni. Hilo ni kutoijua historia yetu. Imam Izzud-Din bin Abdis-Salam, mwanachuoni mkubwa wa madh-hab ya Shafi'i aliyefariki Misri mwaka 1262, aliziorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu katika kitabu chake cha Qawa'idul Ahkam. Miongoni mwa aliyoyataja ni kuwa mwenye mnyama ni wajibu amhudumie kwa chakula kinachostahiki mnyama wa aina hiyo, hata kama amezeeka au anaumwa kwa namna ambayo hakuna tena manufaa yoyote ya kumpata.

Msomaji, yazingatie mambo mawili hapo. Kwanza, mwanachuoni huyu ametaja mgonjwa. Hakusema mlishe akiwa mzima na akukamatie panya. Pili, amesema chakula kinachostahiki mnyama wa aina hiyo. Maana yake, si kila kilicho kitamu kwako kinamfaa yeye. Haya yameandikwa zaidi ya miaka mia saba iliyopita, kabla ya nchi yoyote ya Ulaya kutunga sheria ya kuwalinda wanyama. Leo Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya nayo ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Muislamu hahitaji kumuogopa askari ndipo awatendee wema viumbe. Mola wake anatosha kuwa shahidi.

Na Mtume wetu (s.a.w.) hakuishia kwenye maneno. Abu Dawud amepokea kisa cha ngamia wa mtu mmoja katika Answari ambaye alipomuona Mtume (s.a.w.) alitoa sauti ya huzuni na macho yake yakatiririka machozi. Mtume (s.a.w.) akamwendea, akampapasa, kisha akamwita mwenyewe na kumkumbusha amche Allah katika mnyama huyo, kwani alikuwa anamtia njaa na kumchosha. Na kwa upande wa malipo mema, Bukhari na Muslim wamepokea habari za mwanamke kahaba katika Bani Israil aliyemteka maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, naye akasamehewa. Mwingine paka alimpeleka Motoni, huyu mbwa akawa sababu ya msamaha wake. Tofauti yao ilikuwa ni tone la maji.

Maziwa ya ng'ombe ni neema, lakini ya nani?

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo wengi wetu tunakosea kwa nia njema. Wengi wamekua wakiamini kuwa paka na maziwa ni kama chai na sukari. Vitabu vya watoto vina picha ya paka na kisosi. Lakini wataalamu wa mifugo wanatuambia kuwa maziwa ya ng'ombe ni moja ya sababu za kawaida zinazomfanya paka mdogo aharishe.

Sababu yake ni hii. Katika maziwa mna sukari yake ya asili iitwayo laktosi. Ili sukari hiyo imeng'enywe, utumbo unahitaji kimeng'enyo maalumu. Mtoto wa paka anacho anapokuwa ananyonya, lakini kinapungua kadiri anavyoendelea kukua na kuachishwa kunyonya. Sukari isiyomeng'enywa inabaki utumboni, inavuta maji, inachacha na kutoa gesi. Matokeo yake ni kuharisha. Zaidi ya hayo, maziwa ya ng'ombe yana protini na mafuta machache kuliko maziwa ya paka, kwa hiyo hata yule mdogo anayeyavumilia hayamtoshi.

Subhanallah! Katika Suratun Nahl Allah (s.w.) ametukumbusha neema ya maziwa yatokayo matumboni mwa wanyama wa mifugo, safi na mazuri kwa wanywaji. Na katika Suratul Qamar ametujulisha kuwa kila kitu amekiumba kwa kipimo. Ndama amepimiwa maziwa ya mama yake, na paka amepimiwa ya mama yake. Maziwa ya ng'ombe hayakuacha kuwa neema. Ila neema ikiwekwa mahali pasipo pake inaweza kuwa mtihani.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza kwa aliyeona paka mdogo anaharisha ni kuondoa maziwa ya ng'ombe, na vile vile mabaki ya vyakula vyetu: mchuzi, pilau, chakula cha nazi, dagaa wa chumvi na vitu vya kukaanga. Vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwa paka, vinaharibu damu yake hata vikiwa vimepikwa. Yule anayemwaga mchuzi wa kitunguu kwenye sahani ya paka akidhani anatoa sadaka, na ajue anachokitoa.

Nini cha kufanya?

Qur'an katika Suratun Nahl imetuamrisha tuwaulize wenye elimu pale tunapokuwa hatujui. Yafuatayo ni mambo ambayo madaktari wa mifugo wanayaeleza siku zote, na yako ndani ya uwezo wa nyumba ya kawaida ya mjini.

Kwanza, tazama umri. Paka anafumbua macho kati ya siku saba na kumi na nne baada ya kuzaliwa, na meno huanza kutoka akiwa na wiki tatu hivi. Aliye chini ya wiki nne hawezi chakula kigumu. Huyo anahitaji mama yake, au maziwa maalumu ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka. Ikiwa mama yake yuko hai na unajua alipo, tiba bora ni kumrudisha kwake. Na hapa tuwakanye watoto wetu: wasiwaokote paka wadogo haraka. Mara nyingi mama amekwenda kutafuta chakula tu, naye atarudi. Abu Dawud amepokea kuwa Maswahaba walipokuwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akawa anapigapiga mbawa. Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyo kwa wanawe, akaamrisha arudishiwe. Kama ndege ana haki ya kurudishiwa makinda yake, na paka je?

Pili, joto. Mtoto wa paka aliye baridi asilishwe kwanza, kwa sababu tumbo lililopoa haliwezi kumeng'enya. Apashwe moto taratibu: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa kizito, ndani ya boksi, naye apate nafasi ya kusogea pembeni akiona joto limezidi. Akishapata joto ndipo alishwe. Anapolishwa maziwa yake awe amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake. Wengi huwalaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yanaingia mapafuni na mnyama anakufa.

Tatu, maji. Kinachowaua wengi si kule kuharisha kwenyewe, bali ni kuishiwa maji mwilini. Mwili wenye uzito wa nusu kilo hauna akiba. Aliyekwisha kuachishwa kunyonya awekewe maji safi karibu yake wakati wote, na yabadilishwe kila mara. Asimiminiwe maji kooni kwa nguvu. Ukiivuta taratibu ngozi ya mgongoni karibu na shingo ikachelewa kurudi mahali pake, au fizi zikawa kavu na za kunata, basi maji yamempungua sana na huyo ni wa kupelekwa kwa daktari sasa hivi.

Nne, chakula. Aliyekwisha kuachishwa kunyonya apewe chakula chepesi: nyama ya kuku isiyo na mfupa wala ngozi, au samaki mweupe aliyeondolewa miiba yote, kilichochemshwa kwa maji matupu. Hapana chumvi, hapana kitunguu, hapana pilipili, hapana mafuta, hapana tui. Kisagwe mpaka kilainike. Apewe kidogo kidogo, mara nne mpaka sita kwa siku, badala ya sahani moja kubwa. Kipande kile unachokitia mdomoni mara mbili au tatu kinamtosha yeye kwa mlo. Na asishindishwe njaa kwa nia ya kupumzisha tumbo. Paka mkubwa anaweza kuvumilia hilo, lakini mdogo sukari ya damu inamshuka haraka akazimia. Chakula hiki ni cha siku chache tu, kwani peke yake hakina kila kitu mwili unachohitaji. Choo kikishakuwa kigumu, arudishwe kwenye chakula chake cha kawaida kwa kuchanganya kidogo kidogo kwa muda wa kama wiki moja. Mabadiliko ya ghafla ya chakula nayo yanaharisha.

Tano, dawa. Hapa tunasisitiza sana. Dawa za binadamu zilizoko kabatini si za paka. Panadol inaua paka! Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo, damu yake inaharibika, na kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Dawa za kuzuia kuharisha tunazonunua kwa ajili yetu na zile za antibayotiki zilizobaki baada ya mtoto kupona zote ziachwe. Hata dawa ya minyoo hupimwa kwa uzito wa mnyama, haikatwi nusu kwa kukisia.

Sita, ujue wakati wa kuomba msaada. Ukiona damu kwenye choo, anatapika, anakataa kula, amelegea, mwili umepoa, au kuharisha kumezidi siku moja, usingoje. Na akiwa chini ya wiki nane, hata siku hiyo moja ni nyingi. Huenda ni minyoo, ambayo paka huweza kuirithi kutoka katika maziwa ya mama yake hata kama hajawahi kula jalalani. Huenda ni vijidudu vya utumboni. Na huenda ni ule ugonjwa mkali wa virusi unaoshambulia utumbo na chembe nyeupe za damu za paka, ambao unaua kwa siku chache na ambao una chanjo yake. Hayo hayajulikani kwa kutazama kwa macho. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Wataalamu wa mifugo wapo, wengi wamesoma Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro na vyuo vingine, na katika miji yetu maduka ya dawa za mifugo yapo. Tusiwatafute kwa ng'ombe na kuku tu kwa kuwa hao wana thamani sokoni.

Mswala ulionajisika

Wengi wanaomtupa paka wanatoa hoja ya tohara. Wanasema: "Ananitia najisi, nitaswali wapi?" Hoja hii inatakiwa ijibiwe kwa elimu na si kwa kuidharau, kwani tohara ni jambo kubwa.

Paka mwenyewe si najisi. Imepokewa na Malik, Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo kuwa Kabsha bint Ka'b alimtilia maji ya udhu Abu Qatada (r.a.), baba wa mumewe. Paka akaja anataka kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha akawa anatazama kwa mshangao. Abu Qatada akamueleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema kuwa paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Kwa hiyo mate yake hayanajisi maji, na kumgusa hakutengui udhu.

Ama kinyesi chake, hicho ni najisi kama vinyesi vinginevyo, na hapa hatudanganyani. Lakini utwaharishaji wake ni mwepesi. Uchafu wenyewe uondolewe, kisha pamiminiwe maji mpaka rangi, harufu na ladha viondoke. Hakuna haja ya kuosha mara saba na mchanga, hukumu hiyo ni ya mbwa na nguruwe katika madh-hab yetu. Mswala unafuliwa, unaanikwa, unaswaliwa. Na aliye na mgonjwa wa aina hii amtengee kona moja, chooni au kibarazani, yenye boksi na magazeti ya zamani yasiyo na majina matukufu, mpaka apone.

Afya nayo ni amana. Baada ya kusafisha uchafu mikono ioshwe kwa sabuni, na watoto wasiachwe kuchezea kinyesi, kwa kuwa baadhi ya minyoo ya paka inaweza kumdhuru binadamu. Mama mjamzito asiisafishe sehemu hiyo, aifanye mtu mwingine. Na yeyote atakayeumwa meno au kukwaruzwa na paka asiyemjua, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kisha aende hospitali bila kuchelewa, kwani kichaa cha mbwa hakiwapati mbwa peke yao.

Tusizidishe, wala tusipunguze

Katika kuhimiza jambo hili tujihadhari na pande mbili. Upande wa kwanza ni wa wale wanaotunga maneno wakayanasibisha na Mtume (s.a.w.). Husambazwa kuwa kumpenda paka ni katika Imani. Wanavyuoni wa Hadithi wameeleza kuwa hayo ni maneno ya kutungwa. Husimuliwa pia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa na paka aitwaye Muezza, akakata mkono wa kanzu yake ili asimuamshe. Kisa hicho ni kizuri masikioni, lakini hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa. Hatuna haja nacho. Tunazo Hadithi sahihi za kutosha. Swahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote anajulikana kwa jina la Abu Hurayra, na Tirmidhi amepokea sababu yake: alikuwa akichunga kondoo wa watu wake, akiwa na paka mdogo anayecheza naye mchana, na usiku akimuweka juu ya mti. Hilo linatutosha.

Upande wa pili ni wa anayemnunulia paka chakula cha kopo na mto wa hariri ilhali mfanyakazi wake wa ndani anakula makoko, na jirani yake analala na njaa. Huyo naye hajaielewa Dini. Haki zina mpangilio, na mtu huanza na wale walio chini ya uangalizi wake.

Lakini ile kauli kwamba watu wana njaa basi paka asizungumzwe, tuipime. Je, yule anayemtupa paka mgonjwa, hicho kipande cha kuku alichokiokoa amempelekea yatima? Mara nyingi hakuna paka aliyelishwa wala yatima aliyelishwa. Moyo mgumu haugawanyiki. Anayezoea kumtupa kiumbe dhaifu kwa sababu amechafua sakafu, kesho mzazi wake mzee atakaposhindwa kufika chooni atakuwa na subira gani?

Na watoto wetu wanatutazama. Yule mtoto aliyemleta paka nyumbani alikuja na huruma ambayo Allah ameitia moyoni mwake. Ukimlazimisha kumpeleka jalalani, umemfundisha kuwa mgonjwa anatupwa. Ukimuonesha namna ya kumchemshia kuku na kuosha mikono yake, umemfundisha kuwa mgonjwa anauguzwa. Na hata paka akifa, msimcheke mtoto anapolia. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa mdogo wake Anas (r.a.), Abu Umayr, alikuwa na kidege akicheza nacho, kikafa. Mtume (s.a.w.), pamoja na majukumu yote ya Umma aliyokuwa nayo, alimuuliza mtoto yule habari za kidege chake kwa maneno ya kumliwaza. Ni kiongozi gani leo ana nafasi hiyo?

Ikiwa kweli nyumba yenu haina uwezo wa kumuweka, basi mumlee mpaka apone na aweze kula, kisha mumtafutie mtu atakayempokea kwa ridhaa. Wanavyuoni wameeleza kuwa asiyeweza kumhudumia mnyama amtoe kwa anayeweza, au amwache mahali anapoweza kujipatia riziki. Kumwacha mgonjwa barabarani hakumo katika hayo.

Hitimisho

Ndugu zangu, tumeona kuwa aliyemnywesha paka maziwa yakamharisha alikuwa na huruma. Kilichopungua kilikuwa elimu. Na aliyejua kuwa maziwa yanadhuru, kisha akamtupa, alikuwa na elimu, kilichopungua ni huruma. Muislamu anatakiwa kuwa na vyote viwili. Ndivyo ilivyo katika sadaka zetu, katika malezi yetu na katika kuuguza wagonjwa wetu. Nia njema ni sharti la amali, lakini haimwondolei mtu wajibu wa kuuliza.

Kwa hiyo leo ukirudi nyumbani, ukamkuta yule mdogo amejikunyata nyuma ya mtungi na mkia wake umechafuka, usitafute boksi la kumtupia. Teleka maji, chemsha kipande cha kuku kisicho na chumvi, mpashe joto, msafishe, umuwekee maji. Fanya hivyo kwa ajili ya Allah. Huwezi kujua ni amali ipi katika amali zako itakayokuwa nzito siku mizani itakapowekwa.

Tunamuomba Allah (s.w.) atutie huruma katika nyoyo zetu, atupe elimu yenye manufaa, na asitujaalie kuwa sababu ya mateso ya kiumbe Wake yeyote. Amin.

Wallahu a'lam.